Tangazo Lililolala

Wepesi wa mfunga mzigo ni uzito wa mchukuzi. Ndiyo, nimesema hivyo na neno langu silirudishi. Festo ametamba hapa kwamba programu ya zahanati ameiandika kwa wiki moja tu, kwa kuokota vipande vilivyotengenezwa na wenzake na kuvifungasha pamoja. Tena anasema nesi akilalamika kwamba inajivuta, basi zahanati inunue kompyuta mpya. Nikamjibu kwa methali. Sasa mnatazamana, mnajiuliza bibi huyu kaitoa wapi, maana shuleni hamkuisikia. Shuleni mngefundishwa na nani, wakati imezaliwa hapa hapa Mwilamba, mimi Mama Nuswe nikitazama kwa macho yangu? Wekeni simu chini. Mambo yalianza hivi.

Miaka hiyo nilikuwa mtangazaji wa Redio Ukungu. Cheka tu, Festo, lakini jina hilo halikuwa la mzaha, kwa sababu asubuhi nyingine ukifungua mlango wa studio huoni hata mnara ulioko hatua chache mbele yako. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya kilima. Tulikuwa na paneli za jua juu ya bati, betri chini ya meza, na kompyuta moja kubwa ya mezani tuliyopewa na wamisionari baada ya wao kuichoka. Ilikuwa nzee, lakini ilikuwa inatii.

Kazi yetu kubwa haikuwa muziki. Muziki kila mtu anao. Kazi yetu ilikuwa matangazo ya vifo. Mnajua milima ya kwetu ilivyo, ukishuka bonde la Ikwete simu inakuwa kioo cha kujitazamia uso. Huko ndiko walikoolewa binti zetu, ndiko walikokwenda vijana wetu kupasua mbao. Mtu akifa huku, mazishi ni kesho yake saa saba mchana, na wa kule atajuaje? Kwa redio tu. Saa moja jioni nyumba zote hunyamaza, hata mtoto analia kwa adabu, watu wanasikiliza nani katutoka.

Na tulikuwa na desturi yetu. Tangazo la kifo halisomi mtangazaji. Mfiwa anapanda kilimani mwenyewe, anakaa mbele ya kipaza sauti, anamtaja marehemu, anawataja ndugu anaotaka wafikiwe, anasema mazishi ni kesho. Hatukutaja siku, hata tarehe hatukutaja. Tulisema kesho, kwa sababu tangazo la Redio Ukungu lilikuwa halijawahi kulala hata siku moja. Likirekodiwa leo linasikika leo. Mimi nikimaliza kurekodi naliweka kwenye programu, naipangia saa moja, nafunga mlango, naenda kupika. Programu inalitoa yenyewe.

Programu hiyo aliitengeneza kijana wa hapa, Lutengano Mahenge, aliyekwenda kusoma mambo ya kompyuta Mbeya. Msije mkadhani nakuja kumsema vibaya. Lutengano alikuwa kijana mwenye heshima na bidii, na programu yake ya kwanza aliiandikia pale pale studio, amekaa kwenye kiti changu, mimi namletea chai. Kila alichokiandika alikijaribu kwenye mashine ile ile nzee. Ilikuwa programu ndogo, haina urembo wowote. Ukibonyeza, imefunguka kabla hujakaa. Miaka minne haikutuangusha.

Basi sifa zikavuka mipaka. Redio nyingine nazo zikaitaka. Huyu ana kompyuta ya aina hii, yule ya aina ile, mwingine anataka kuiendesha kwenye simu. Na Lutengano ni mmoja, na mke kajifungua mapacha. Jamani, mtu huyo angelala saa ngapi? Kuandika programu upya kwa kila aina ya mashine ni kuandika kazi ile ile mara nne. Akatafuta njia ya mkato, na njia ilikuwepo, kila mwenzake alikuwa anaipita. Unachukua furushi lililo tayari, ndani yake mna kivinjari kizima, kile cha kufungulia intaneti, unaandika mara moja, unafunga, unagawa kote. Intaneti yenyewe studio kwetu hatuna, lakini kivinjari tukabebeshwa.

Alinitumia programu mpya kwenye flashi kwa mkono wa mwalimu aliyetoka Mbeya. Ilikuwa nzuri ya kutazama, siwezi kusema uongo. Ina rangi, ina vitufe vya duara. Lakini kuifungua! Nilibonyeza, nikaenda kuanua nguo, nikarudi, kiduara cha kusubiri kinazunguka tu kwenye kioo. Mashine ikaanza kuvuma kama kinu cha kusaga. Nikapanda kwenye jiwe linaloshika mtandao, nikampigia.

"Lutengano mwanangu, shikamoo yako nimeipokea, lakini hiki kitu chako kinatembea kwa magoti."

"Kweli, mama? Mbona kwangu kinapaa?"

"Kwako kinapaa. Njoo ukione kwangu."

"Nitakuja, mama. Kwa sasa funga programu nyingine zote, ubaki na hiyo tu."

"Zipi? Iko hiyo hiyo moja!"

Akacheka, nami nikacheka. Akasema mashine za siku hizi zina nguvu, akirudi likizo atatuombea nyingine kwa wafadhili. Nikasema haya. Kucheka kwenyewe ndiko kunakoniuma mpaka leo, maana hatukujua tunacheka nini.

Sasa Bibi Sekela Tweve akafariki. Alifariki Jumanne alfajiri. Huyu mlikuwa hamjazaliwa, lakini hakuna nyumba Mwilamba ambayo yeye hakuikandia mtoto mchanga kwa mafuta. Alikuwa na watoto wawili hai. Wa kwanza ni Eneresi, aliyeolewa Ikwete. Wa pili ni Obadia, aliyebaki nyumbani. Na Eneresi na mama yake walikuwa hawasemezani. Mama alikuwa hamtaki yule mkwe, binti akaondoka kwa hasira, yakatoka maneno ambayo mtu hatakiwi kumwambia mzazi, na mzazi naye akajibu ambayo hatakiwi kumwambia mwana. Miaka ikapita, mmoja anangoja mwenzake aanze.

Obadia alipanda kilimani Jumanne hiyo hiyo asubuhi, macho mekundu, na blanketi begani. Nikamkalisha mbele ya kipaza sauti. Akamtaja mama yake, akawataja wajomba, halafu sauti ikamkatika. Nikamwambia, "Pumua, baba, hatukimbizwi." Akapumua, akasema maneno haya, nami nayakumbuka neno kwa neno: "Dada Eneresi, popote ulipo usikie. Mama kabla hajafumba macho ametuachia neno lako. Amesema, mwambieni mwanangu yamekwisha, aje anizike. Dada, mazishi ni kesho saa saba. Njoo."

Nililia mimi, mtangazaji niliyezoea. Kwa ukoo wa Tweve mzaliwa wa kwanza ndiye anayetia udongo wa kwanza kaburini, kabla yake haruhusiwi mtu kugusa jembe. Kwa hiyo mama alikuwa hajamwita tu. Alikuwa amemrudishia nafasi yake mbele ya watu wote.

Nikaliweka tangazo kwenye programu. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, mwisho nikaona limeandikwa pale: saa moja jioni. Nikafunga mlango, nikaenda msibani kusaidia kupika. Na kwetu kukiwa na msiba kijiji kizima hakifungui redio, ni heshima kwa aliyelala ndani.

Jumatano watu walijaa. Saa saba ikafika, Eneresi hajaonekana. Lori la mbao, ambalo ndilo gari pekee linalotoka Ikwete alfajiri, lilikuwa limeshapita na kushusha watu, yeye hayumo. Obadia akasema tungoje. Saa nane, tungoje. Wazee wakaanza kunong'ona, wanawake wakaanza kunong'ona kwa nguvu zaidi ya wazee. Saa tisa mawingu yakafunga, mchungaji akamgusa Obadia bega.

Obadia akashika jembe mwenyewe. Akasema, na watu wote wakasikia, "Mama amemsamehe akiwa anakata roho. Yeye hakuweza kumsamehe mama hata akiwa maiti. Kuanzia leo mimi sina dada." Akatia udongo wa kwanza. Yesu wangu! Hata waliokuwa wanampenda Eneresi waliinamisha vichwa. Nani angemtetea? Mimi mwenyewe nilisema moyoni, binti huyu ana moyo wa jiwe.

Alhamisi, karibu saa sita, tulikuwa tunaosha masufuria na vijana wanakunja turubai. Lori la mbao likasimama barabarani. Akashuka mwanamke amejifunga kanga mbili nyeusi, kichwani ana mkungu wa ndizi, mkononi ana blanketi jipya lenye nailoni yake. Anatembea mbio mbio, jasho linamtoka, na usoni, loh, usoni ana kitu kama furaha katikati ya kilio. Alikuwa Eneresi.

Akaingia uani akitazama huku na huku.

"Nimewahi?" akauliza. "Nimesikia neno la mama. Nimemletea blanketi la kulalia. Yuko ndani?"

Sufuria ilinidondoka, ikabingirika mpaka miguuni pake.

Obadia akatoka ndani. "Umekuja kufanya nini?"

"Kumzika mama. Si ulisema ni leo saa saba?"

"Leo? Mama tumemzika jana!"

"Jana ndiyo nimesikia tangazo! Jana saa moja jioni, wewe mwenyewe ukisema kesho. Nyumba nzima tumekusikia, na majirani. Obadia, nimekusikia kwa masikio yangu ukiniita."

Hapo macho ya uani pote yakageuka, yakatua kwangu mimi Mama Nuswe. Jana saa moja? Jana saa moja mimi nilikuwa kwangu nimelala kwa uchovu, studio imefungwa, na Mwilamba nzima hakuna aliyewasha redio kwa sababu ya msiba. Eneresi ndipo akaelewa kwamba hatutanii. Aliweka mkungu chini taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtu, akakaa chini juu ya udongo, na blanketi akalikumbatia.

Nilikimbia kilimani na umri wangu ule, kanga mkononi. Nikaikuta mashine inavuma, kiduara kinazunguka. Nikapanda jiweni, nikampigia Lutengano, nikamwambia, "Safari hii huniambii nifunge programu. Unakuja."

Akafika Ijumaa asubuhi. Kwa mara ya kwanza tangu atutumie programu ile, alikaa kwenye kile kiti na kuifungua kwenye mashine yetu. Nilimmiminia chai kama zamani. Chai ikapoa, ikafanya utando juu, programu haijafunguka. Nilimwona tu anavyobadilika rangi.

Ilipofunguka akatazama tazama humo ndani, akashika kichwa. Akanieleza. Jumanne saa moja mashine ilikuwa imejaa pomoni, kivinjari kimeila nguvu yote, na programu ikasimama palepale kama punda aliyegoma. Kwa kuwa mashine ilivuma jioni nzima, ikanyonya betri mpaka ikazima. Jumatano jua likapiga paneli, ikawaka yenyewe, programu ikafunguka upya kidogo kidogo, ikaliona tangazo halijatoka, ikangojea tena saa moja jioni, ikalitoa. Ilidhani inatenda wema. Na Obadia akasikika Ikwete akisema kesho, siku mama yake alipokuwa ameshazikwa.

"Mama," Lutengano akaniambia, "nipeleke kwao."

"Una hakika? Watakurarua."

"Nipeleke tu."

Tukaenda. Ukoo wote ulikuwa umekaa uani, Eneresi pembeni peke yake, maana hata waliojua kwamba hakukosa hawakujua wamsogelee vipi. Lutengano hakukaa. Alisalimia, akasema yeye ndiye mwenye programu, na akaeleza kila kitu bila kujificha.

"Ile ya zamani," akasema, "niliifunga kimoja kimoja, kile tu kinachohitajika hapa. Ilinichukua muda mrefu. Hii mpya nimefunga furushi zima, na mengi yaliyomo hapa hayahitajiki. Nilifanya hivyo kwa sababu naandika mara moja na inakwenda kila mahali. Redio zilikuwa nyingi, mimi ni mmoja. Niliona ni nyepesi."

Eneresi akainua uso. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Nyepesi kwa nani?"

Lutengano ndipo akakaa chini.

"Wewe ulikuwa unafunga mzigo," Eneresi akasema. "Mzigo haumlemei anayefunga, mwanangu. Unafunga, unakung'uta mikono, unakwenda. Mimi ndiye mchukuzi. Nimeubeba kutoka Ikwete, na nitakufa ninao. Ndugu zangu walisimama kwenye kaburi la mama yangu wakanilaani, na mimi nilikuwa nyumbani napalilia viazi, sijui kitu."

Mjomba wao mmoja, mzee Ilomo, alitikisa kichwa akasema taratibu, kama anayejisemea, "Kweli. Wepesi wa mfunga mzigo ni uzito wa mchukuzi." Hapo ndipo ilipotamkwa mara ya kwanza. Mpaka jioni ilikuwa imefika kisimani, na mpaka Jumapili mchungaji aliitumia madhabahuni.

Lutengano hakurudi Mbeya upesi. Alikaa kwangu mpaka viazi vikavunwa, akaandika programu upya, yote, kwenye mashine ile ile nzee. Haikumjia bure. Redio mbili alizokuwa ameziahidi zilimwacha zikachukua mtu mwingine, na mkewe alimpigia simu za ukali pale jiweni, hata mimi nikiwa chini nilizisikia. Nilimwuliza kama anajuta. Akasema, "Mama, najuta kutokuja siku uliyoniambia niione kwako." Nasi tukaacha kusema kesho, tukaanza kutaja siku. Hayo ndiyo ya Lutengano.

Ya Eneresi ni haya. Siku ile ile, mzee Ilomo alipokwisha kusema, Obadia aliinuka, akaingia ndani, akatoka na lile jembe. Machozi yanamtiririka mwanaume mzima, hayafuti. Akapiga magoti mbele ya dada yake, akampa jembe kwa mikono miwili.

"Dada, nisamehe. Twende kaburini. Nafasi yako ni yako, tia udongo wako."

Watu tulisogea. Tulitaka alipokee, jamani, tulimwomba Mungu alipokee, ili na sisi tupumue. Eneresi alilishika, akalipima mkononi, akaligeuza, akaona udongo wa Jumatano uliokaukia kwenye bapa. Akamrudishia.

"Nimekusamehe, Obadia. Lakini udongo wa kwanza hautiwi juu ya wa mwisho."

Akachukua blanketi lake, akaenda peke yake kaburini, akalitandaza juu, akaketi kando yake mpaka lori la mbao lilipopiga honi.

Haya, Festo, umesikia. Usinitazame mimi, mimi si nesi. Zahanati iko chini pale, na kompyuta yao ni nzee kuliko yetu ilivyokuwa. Kaketi kwenye kiti cha yule nesi, uifungue programu yako mwenyewe, wagonjwa wakiwa wamepanga foleni wanakutazama. Ukitoka huko hutahitaji kuniuliza maana yake. Wepesi wa mfunga mzigo ni uzito wa mchukuzi.